Nilivyouziba Upepo wa Nyumba ya Wakfu kwa Tumbo Langu

Jamani, leo sina uso.

Uso wenyewe upo, nimeuosha mara tatu, lakini wa kutokea nao mbele za watu sina. Nimejifungia chumbani. Mke wangu Salma yuko jikoni anacheka peke yake na sufuria. Nimeona bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wasiojua kusimulia. (Kuna mmoja kishaanza kusema eti nimetumbukia kisimani. Hakuna kisima pale. Kingekuwepo ningebaki humo humo.)

Nianze mwanzo.

Mnanijua mimi Faki, fundi sanifu wa majengo. Miezi mitatu sasa nahangaika na nyumba moja kongwe hapa Wete. Ghorofa moja, kuta za mawe na chokaa nene kama urefu wa mkono, boriti za mikoko, milango ya nakshi. Bibi mmoja mwenye mashamba ya karafuu aliiweka wakfu zamani, itumike kwa manufaa ya wanawake. Imewahi kuwa chuo cha Kurani. Imewahi kuwa mahali pa kufundishia cherehani. Miaka ya karibuni ilikuwa ghala la viti vya harusi, na popo wengi kuliko viti.

Sasa wasimamizi wa wakfu wamekubaliana iwe nyumba ya kusubiria. Mama mjamzito wa Kojani au wa Shumba, siku zake zikikaribia, aje akae hapo karibu na hospitali, asije akashikwa na uchungu akiwa bado baharini au kwenye barabara ya vumbi.

Jambo la kheri. Hakuna aliyelipinga.

Ugomvi ulikuwa joto.

Nyumba ile ukiingia saa sita mchana, ukitoka umeiva pande zote mbili kama chapati. Mwenyekiti wa wasimamizi ni Maalim Shaame, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa haki lakini mgumu kama swali la mtihani. Yeye jawabu lake alikuwa nalo daftarini: madirisha ya mbao yang'olewe, itiwe alumini na vioo, kila tundu lizibwe, na kila chumba kiyoyozi. Chini ya kila neno kapiga mstari kwa rula.

Mimi nikasema hapana, Maalim. Nyumba hii haikuzaliwa na joto, joto tumelipandikiza sisi. Waliokuja kuikarabati miaka ya nyuma walipiga plasta ya simiti juu ya chokaa, wakapaka rangi ya mafuta, ukuta ukakosa pa kutolea unyevu. Wakaziba kwa plaiwudi matundu ya nakshi yaliyo juu ya milango. Na kubwa kuliko yote: katikati ya dari ya ukumbi wa juu kuna tundu la mraba, linapanda mpaka kwenye kibanda kidogo cha mbao juu ya paa, pande zake nne wazi. Hapo ndipo joto la nyumba nzima lilipokuwa likitokea. Wakalipigilia mbao!

"Maalim," nikasema, "ni sawa na kumvisha mtu koti la mvua, ukamziba na pua, kisha ukamlaumu anatoka jasho." (Sentensi hii niliifanyia mazoezi mbele ya kioo.)

Nikaendelea. Viyoyozi vyote hivyo vitakunywa umeme mchana na usiku. Na siku umeme ukikatika, na unakatika, vioo vimefungwa, hao wajawazito watakuwa ndani ya chungu. Lakini tukiirudishia nyumba pumzi yake, feni chache zitatosha, na madirisha ya mbao hayang'olewi.

Maalim akanitazama kama mwanafunzi aliyeandika jibu bila njia.

"Njia iko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo akanyanyuka Bi Raya.

Bi Raya ndiye atakayeiendesha nyumba hiyo. Mkunga. Nusu ya watu wa Wete walio chini ya miaka thelathini wamepokelewa na mikono yake. Hazungumzi sana, lakini akizungumza hata feni husikiliza. Na kwa bahati yangu (nzuri au mbaya, mtaamua wenyewe), Bi Raya ni mama yake Salma. Yaani mkwe wangu.

"Mie sina haja ya nakshi wala alumini," alisema. "Mjamzito akikaa humu asichemke. Mkiniletea upepo, nautaka upepo. Mkiniletea mashine, naitaka mashine. Maneno nshashiba."

Akanitazama mimi. Miaka minane nimemuoa mwanawe, na kila akinitazama hivyo huwa najiangalia vifungo.

Nikaomba wiki moja. Nipeni ukumbi wa juu tu, kisha njooni muone kwa macho yenu.

Wiki hiyo mimi na seremala wangu Makame tulifanya kazi kama watu wanaodaiwa roho. Tukabandua plaiwudi, nakshi zikatoka chini yake nzima, maua madogo madogo, hata Makame aliacha msasa akayapapasa kwa kidole. Tukakwangua simiti kwenye ukuta wa kaskazini, tukapaka chokaa. Tukatengeneza vibao vya madirisha vilivyovunjika, vikawa vinapanda na kushuka tena. Tukawahamisha popo kwa heshima zao zote.

Tundu la darini tukalisafisha pia. Lakini sikuliacha wazi. Nikalifunika kwa ubao, nikafunga ubao kwa kamba. Mpango wangu: wakubwa wakae, wapate joto kwanza, kipimajoto kisomwe, halafu mimi nivute kamba mbele yao, ubao uteleze, upepo uje. Waone kabla na baada.

(Kwa nini nisiliache wazi tu wakaingia wakapoa? Kwa sababu napenda makofi. Basi, nimekiri.)

Leo asubuhi navaa, Salma ananiangalia.

"Koti la nini na jua hili?"

"Mtaalamu lazima aonekane mtaalamu."

"Hilo la harusi?"

Ndilo hilo hilo. Tangu siku ile koti limebaki pale pale, mimi nimeendelea. Kifungo nilikipata kwa kuvuta tumbo na kusoma bismillahi. Mfukoni nikatia futi ya kupimia, ile ya chuma, kubwa. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Nikasema aa, nani ataiona, si nimevaa viatu?

Saa nne nimefika. Mlangoni nakutana na sauti ya mkwe kutoka juu ya ngazi:

"Viatu chini! Sakafu imepigwa maji."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Viatu."

Nikavua. Nikapanda nimekunja kidole gumba kama mtu anayeficha pipi.

Ukumbini walikuwepo Maalim Shaame na daftari lake, wasimamizi wengine wawili wazee, Makame na ngazi yake ya mbao, na Bi Raya akijipepea kwa kipepeo chake cha ukili. Pembeni, kwenye kiti cha mikono, alikaa mwanamke kijana anaitwa Mwanakombo, kutoka Kojani. Mimba ya miezi minane. Yeye ndiye atakayekuwa mgeni wa kwanza wa nyumba hiyo, na Bi Raya alimleta makusudi.

"Kipimajoto changu ni huyu," alisema.

Mwanakombo alikuwa anajifuta shingo kwa ncha ya mtandio. Akaniambia kwa upole kwamba wiki mbili sasa hajapata usingizi wa maana, mtoto anapiga teke na joto linapiga teke. Nikamwambia, "Leo utalala, dada." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kuahidiwa mambo mengi.

Maalim akatoa kipimajoto chake mwenyewe (changu hakukiamini), akakitundika msumarini, akakisubiri.

"Thelathini na tatu," akasoma, akaandika.

Nikatoa hotuba. Fupi. (Makame anasema dakika ishirini. Makame hana saa.) Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya koti mpaka kwenye soksi, ile nzima na ile nyingine. Nikafungua vibao vya madirisha ya kaskazini. Nikaishika kamba. Nikawatazama mmoja mmoja.

"Waheshimiwa," nikasema, "sasa nyumba itavuta pumzi."

Nikavuta.

Kamba ikaja. Yote. Ikaniangukia kichwani kama mlenda, na ubao ukabaki pale pale juu umetulia.

"Ndiyo upepo wenyewe huo?" akauliza Bi Raya.

Makame akasogeza ngazi. "Injinia, n'achie nipande mie." Makame ni mwembamba, akisimama kando ya ufagio utasalimia ufagio. Alikuwa anasema la busara kabisa. Lakini Maalim alikuwa anaandika kitu daftarini, nikahisi ni kuhusu mimi, damu ikanipanda.

"Hapana. Ni tundu langu, nitapanda mwenyewe."

"Basi vua koti."

"Makame, shika ngazi."

Nikapanda. Nikaufikia ubao, nikausukuma kwa viganja. Haukusogea. Nikapanda kidato kingine, nikautia bega. Ukalia krr, ukainuka upande mmoja.

Na hapo, jamani! Nisikufuru, lakini kuna vitu mtu huvichora kwenye karatasi miezi mitatu na moyoni hana hakika navyo. Upepo ulikuja. Uliingia kwa madirisha ya kaskazini, ukapita ukumbini, ukapanda kuelekea juu kama mtu anayeijua nyumba. Kurasa za daftari la Maalim zikajifunua zenyewe. Mtandio wa Mwanakombo ukainuka. Mzee mmoja akasema "Aaaah!" kama aliyetua mzigo.

Makofi yakapigwa! Mawili matatu, lakini yalipigwa!

Ningeshuka hapo. Kisa kingeishia hapo na leo jioni ningekuwa barazani nakunywa kahawa kama mwanamume.

Lakini ule ubao sasa ulikuwa umekaa ukingoni, unachezacheza, na chini yake kidogo tu pembeni ndipo alipokaa Mwanakombo. Nikahofia. Nikasema niusukume mbali, utulie juu ya dari. Nikapanda kidato kimoja. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Nikapanda kingine. Tumbo likakwama kidogo, nikalivuta ndani, likapita. Ubao nikausogeza mbali kabisa. Salama. Alhamdulillahi.

Nikaanza kushuka.

Sikushuka.

Koti, jamani. Nilipokuwa napanda liliteleza nami vizuri. Nilipotaka kurudi lilibaki juu, likajikunja kwapani na tumboni kama mkeka, na ile futi ya chuma mfukoni ikashika ukingo wa boriti. Nikajisukuma. Nikabana zaidi. Nikatafuta kidato kwa mguu, nikakikosa, nikatafuta tena kwa nguvu. Mguu ukaipiga ngazi teke. Nikasikia Makame chini: "We! We! We!" Kisha ngazi ikalala sakafuni kwa kishindo na vidato viwili vikavunjika.

Basi hali yangu ikawa hivi. Kiuno na miguu, vinaning'inia ukumbini mbele ya wasimamizi wa wakfu. Kifua na kichwa, ndani ya kile kibanda juu ya paa, naiangalia Wete nzima. Viwiko nimeviegemeza mbaoni. Siendi juu, siendi chini.

Nikajiambia, Faki, tulia, hakuna aliyekuona.

"Assalaam aleikum," sauti ikasema.

Nikageuza shingo. Nyumba ya pili, ghorofani, dirisha liko usawa wangu kabisa, hatua kama sita. Mwanamke mtu mzima ameshika shuka mbichi anaianika. Bi Mize. Kila mtu wa mtaa ule anamjua, na kila jambo la mtaa ule analijua yeye.

"Waaleikum salaam, Bi Mize. Habari za asubuhi?"

"Njema. Wafanyani huko, mwanangu?"

"Naangalia upepo."

Akafikiri. Akabana shuka kibanio kimoja.

"Na waonaje?"

"Upo."

"Na weye watoka saa ngapi humo?"

Akanitazama, akayatazama mapaa, akanitazama tena, kisha akaiacha shuka ikaning'inia upande mmoja. "Ngoja niwaite wenzangu," akasema.

Huku juu ndiyo hivyo. Chini mambo yalikuwa mabaya zaidi.

"Mbona upepo umekata?" nikamsikia mzee mmoja.

"Umekata kweli," akasema Maalim. Nikasikia hatua zake kwenda kwenye kipimajoto. "Joto lilishuka mpaka thelathini na moja. Sasa linapanda. Thelathini na moja na nusu. Thelathini na mbili! Faki! Upepo wako dakika tatu tu?"

Nikapiga kelele kutoka juu: "Ni mimi! Nimeuziba mimi! Ni ushahidi, Maalim! Andika!"

"Anasemaje?" akauliza Maalim.

"Sijui. Yaelekea anaomba maji," akajibu mzee.

Na mimi nilikuwa najua kwa yakini kwamba nasema kweli, kwa sababu ule upepo ulikuwa haujakata hata kidogo. Ulikuwa unapanda kama kawaida, ukafika kwenye tundu, ukanikuta mimi, ukatafuta njia nyingine. Njia yenyewe ilikuwa suruali yangu. Miguu yote miwili ilijaa hewa ikatuna kama mifuko. (Utafiti wa namna hii hamtaukuta kwenye kitabu chochote. Upepo wa kaskazini, nimeupima kwa mapaja.)

Ndipo nikasikia sauti ya mkwe wangu, taratibu, chini kidogo ya nyayo zangu:

"Hivi Salma haioni soksi hii?"

Wallahi nilitamani paa linimeze lote. Kidole gumba nilikisahau! Kilikuwa nje, kimesimama peke yake, kinapunga hewa mbele ya mama mkwe.

Makame akasogeza meza, akapanda, akanishika vifundo vya miguu akavuta. Nikapiga ukelele mpaka Bi Mize na wenzake wakajibu "Yarabi!" kutoka dirishani. Walikuwa wameshafika watano.

"Acha!" Bi Raya akasema. "Acha kuvuta. Hapa havutwi mtu."

Nikasikia anakunja mikono ya baibui.

"Huyu katanguliza miguu," akasema. "Mikono iko juu, nguo imemzonga. Si mara ya kwanza kuona. Makame, simama chini yake, miguu yake mabegani mwako. Mbebe, usimvute. Nyie wazee, leteni lile godoro la chumba cha pili. Faki!"

"Naam, Mama!"

"Wanisikia?"

"Nakusikia, Mama!"

"Pumua."

"Nnapumua."

"Si hivyo. Kwa pua, toa kwa mdomo. Pole pole. Usisukume mpaka nikwambie."

Nikapumua. Mimi, mtu mzima, baba wa watoto watatu, nikapumua kwa pua nikatoa kwa mdomo juu ya paa la Wete, na wanawake watano dirishani wakapumua pamoja nami kunisaidia.

"Sasa nyoosha mkono wa kulia juu. Juu kabisa. Geuka kushoto kidogo. Hivyo. Mkono wa pili. Toa pumzi yote, tumbo liingie. Makame, shuka naye. Sasa, Faki. Sasa!"

Mikono yote miwili hewani, nikatoa pumzi mpaka nikaona nyota mchana. Koti likateleza juu, likanipita masikioni, na mimi nikateleza chini. Kiuno, tumbo, kwapa, masikio. Nikatoka mzima mzima, Makame akayumba, sote wawili tukafika godoroni kwa mpigo mmoja.

Nimelala chali. Shati limenifikia kifuani, nywele zimejaa vumbi la popo. Nikafungua macho. Bi Raya amesimama pale, kauficha uso nusu kwa kipepeo kwa ajili ya heshima ya ukwe, akatangaza kwa sauti ya kazi:

"Mabruk. Mtoto wa kiume."

Jamani, cheko lililopigwa! Maalim Shaame, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake, alijishika ukutani. Wazee wale wawili wakakaa chini sakafuni. Bi Mize akauliza kwa sauti kutoka nje, "Kazaliwa salama?" Akajibiwa, "Salama!" Vigelegele vikapigwa dirishani, vya kweli, vile vya arobaini! Mwanakombo alicheka mpaka akashika tumbo, Bi Raya akaacha kunitazama mimi akamkimbilia yeye: "Cheka kidogo, mwanangu, cheka kidogo, nyumba bado hatujaifungua!"

Nikabaki godoroni. Sikuona haja ya kunyanyuka. Wala katika maisha sikuona tena haja ya kunyanyuka.

Na hapo upepo ukarudi.

Tundu lilikuwa wazi. Ukaja kama mwanzo, mkubwa, wa chumvi kidogo, ukapita juu yangu ukapanda zake. Cheko likapungua taratibu. Watu wakaanza kujipangusa machozi, na huku wanajipangusa wakawa wanageuza nyuso upande wa madirisha bila kujijua, kama maua. Maalim akaenda kwenye kipimajoto. Akasimama pale muda mrefu.

Nikakaa kitako. Nikaanza, "Kwa hiyo, Maalim, kama nilivyoeleza kwenye hotuba..."

"Shh!" Bi Raya akaninyooshea kipepeo.

Akaonyesha kiti cha mikono.

Mwanakombo alikuwa amelala. Kichwa kimeegama, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja juu ya tumbo. Mtandio wake unapanda na kushuka kwa upepo. Baada ya kelele zote zile! Usingizi wa wiki mbili ulikuwa umemjia mara moja, pale pale, mbele za watu, saa tano asubuhi.

Wazee wakanyanyuka sakafuni, wakarudi vitini kwa ncha za vidole. Bi Raya alimtazama yule mwanamke, kisha akalitazama tundu darini, kisha akaitazama ile nakshi juu ya mlango ambayo mwanga ulikuwa unapita kati ya maua yake. Akakiweka kipepeo chake chini.

"Mwacheni alale," akanong'ona. "Kikao tukifanye kwa minong'ono."

Ndicho kikao pekee nilichowahi kuhudhuria ambapo hakuna aliyepaza sauti, na kilimalizika kwa robo saa. Maalim alifungua daftari, akatoa rula mfukoni, akapiga mstari katikati ya neno alumini. Kisha katikati ya neno vioo. Alipofika kwenye viyoyozi akasita.

"Kimoja kibaki," akanong'ona. "Kuna siku upepo haupo kabisa, weye unajua. Na kuna mgonjwa ambaye daktari atasema huyu asipate joto. Chumba kimoja."

Nilitaka kubisha. Nikaukumbuka mguu wangu na ngazi. Na mzee alikuwa anasema kweli, kuna siku za Machi hata jani la mgomba halitikisiki. "Kimoja, Maalim," nikasema. "Chumba cha kusini, na kile tutakiziba vizuri kisipoteze ubaridi." Akaandika. Akapiga mstari chini.

Kuta zilizobaki zitakwanguliwa simiti na kupakwa chokaa. Madirisha yote yanarudishiwa vibao vyake, Makame ndiye fundi. Paa litapakwa nyeupe. Feni moja kila chumba kwa zile siku mbaya. Bi Raya alikuwa na sharti moja tu, na alilitoa bila kunitazama:

"Madirisha yatiwe wavu wa mbu. Na lile tundu la juu nalo livishwe wavu. Asipite mbu, wala popo, wala mkwe."

Makame alilazimika kutoka nje.

Nilipokuwa navaa viatu chini mlangoni, Bi Raya akashuka. Nikainuka, nikatazama sakafu. Nikangojea.

"Faki."

"Labeka, Mama."

"Yule mtoto wa Kojani wiki mbili hapati usingizi, na mie siwezi kumsaidia. Nilikuwa naogopa juu yake. Kazi yako nimeiona. Ijumaa njooni kula, weye na Salma na watoto. N'tapika pweza."

Miaka minane. Pweza wa mkwe wangu nimemla kwenye shughuli za watu, kualikwa mwenyewe kwa jina langu ni leo.

"Asante sana, Mama."

"Lakini usishibe sana," akasema, akarudi zake juu.

Koti bado liko darini. Bi Mize kaniletea salamu kwamba analiona kutoka dirishani kwake na kwamba kunguru wameanza kulichunguza. Walichukue. Nimefika nyumbani, nimemhadithia Salma mpaka pale pa soksi, akaniachia hapo hapo akakimbilia jikoni, na sasa ni saa nzima hajatoka. Makame naye kaapa hakupiga picha hata moja, kiapo ambacho hakuna mtu aliyekiomba.

Ombi langu kwenu ni dogo tu, watu wangu. Mkinikuta njiani kesho, nisalimieni kwanza, ndipo mcheke.